Kumngojea Mgeni Rasmi

Saa iliyoandikwa katika barua ya mwaliko ni saa tatu asubuhi, na hapana aiaminiye, si mwandishi wa barua wala msomaji wake. Walakini mkoani Singida, penye mahafali ya shule au uzinduzi wa kisima, aghalabu utawakuta wanafunzi wamekwisha kupangwa mistari tangu saa mbili, skauti wamevaa skafu zao, kina mama wa ngoma wamejifunga kanga za sare, na juu ya meza kuu zimepangwa chupa za maji ambazo hapana athubutuye kuzigusa maadamu mwenyewe hajafika. Yaingiapo adhuhuri, na upepo wa Singida, ambao wakati wa kiangazi hauna simile, ukiwa unayapiga maturubai na kuwamwagia watu vumbi, mshereheshaji huwa amekwisha kutangaza mara kadhaa kwamba msafara umo njiani, naye hana alijualo ila lile aliloambiwa kwa simu.

Insafu yataka tukiri kwamba si kila mgeni achelewaye ana kiburi. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 49,000, na itifaki nayo ina mwendo wake: waziri akija, sharti apite kwanza kwa mkuu wa mkoa, atie sahihi kitabu cha wageni na asomewe taarifa ya mkoa, ndipo aelekee wilayani, Iramba au Mkalama, ambako taarifa nyingine yamngojea. Njiani watu husimama na mabango, wakitaka kunena habari ya maji au ya mpaka wa shamba; na tangu enzi ya hayati John Magufuli, aliyezoea kusimamisha msafara wake na kusema na raia papo hapo barabarani, ni vigumu kwa kiongozi kuwapita watu hao bila ya kulaumiwa. Serikali ilipohamia Dodoma, yapata kilomita 240 tu kwa barabara ya lami, ingedhaniwa kuwa udhuru wa umbali umekwisha. Lakini ukaribu huohuo wamshawishi mkubwa kuahidi hafla mbili au tatu kwa siku moja, na ile ya mwisho ndiyo ilipayo deni la zile zilizotangulia.

Hata hivyo, kosa kubwa naliona kwa waandalizi. Wao, kwa kujua kwamba mgeni atachelewa, huwaita watu mapema kupita kiasi. Watu nao, kwa kuujua mtindo huo, hujikokota. Na mgeni, akiarifiwa kwamba uwanja haujajaa, huongeza kikombe cha chai. Hivyo kila mmoja humngojea mwenziwe, na asiye na pa kukimbilia ni mtoto wa shule aliyesimamishwa juani. Wala tusidai kwamba kutunza saa si jadi yetu, kwani adhana haimngojei tajiri, na Mwenge wa Uhuru, ambao mbio zake zilianza mwaka 1964, hupita wilaya baada ya wilaya kwa ratiba, kwa kuwa wilaya ya mbele imekwisha kusimama mpakani ikingojea makabidhiano.

Hasara ya kungojea huku si jua na njaa peke yake, ijapokuwa katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, siku ya palizi ya alizeti ikipotea hailipwi na mtu. Hasara iliyo chungu zaidi huja mgeni akiisha kufika. Hapo mshereheshaji hutangaza kwamba muda umetutupa mkono, na kwa sababu hiyo risala ya wanakijiji, iliyotungwa kwa usiku kadhaa na kutaja zahanati isiyo na dawa na kisima kilichokauka, haitasomwa bali itakabidhiwa kwa maandishi. Hotuba ya mgeni haipunguzwi hata neno. Waliongoja wananyimwa kusema, na aliyengojewa anasema mpaka alasiri.

Kwa hiyo nawasihi wajumbe wa kamati za maandalizi: saa iliyoandikwa ikifika, ngoma ichezwe na risala isomwe yote mbele ya diwani au katibu tawala aliyepo, na mgeni rasmi, afikapo, akaribishwe kwa taadhima katika shughuli iliyokwisha kuanza.