Neno "keep" kwenye chupa ya dawa

Neno hili la Kiingereza tunalo siku nyingi, ila tumelivika kanzu ya Kiswahili. Mlinda mlango wa timu tunamwita golikipa, au kipa tu. Hapo ndani mna "keep", linatamkwa kiip, yaani linda. Tena mjini kuna ule mzunguko wa barabara, kipilefti. Jina limetokana na kibao cha "Keep left", maana yake pita kushoto. Sisi tukasikia "ki", tukalitia kundi moja na kiti na viti: kipilefti kimoja, vipilefti viwili!

Lakini kulinda na kupita ni mambo mawili. Ndiyo tabia ya neno hili. Usiliulize maana likiwa peke yake, tazama linafuatwa na nini. "Keep chickens" ni kufuga kuku. "Keep quiet" ni kukaa kimya. "Keep walking" ni kuendelea kutembea. Ukishika "weka" tu, utapotea.

Na pabaya pa kupotelea ni kwenye chupa ya dawa ya pamba au ya mahindi, maana nyingine bado zina maandishi ya Kiingereza. Utakuta "Keep out of reach of children". Anayejua maneno mawili tu ataona "weka" na "watoto", halafu je? Kumbe sentensi nzima yasema: weka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mvunguni mwa kitanda sipo, jamani! Kabati lenye kufuli, hapo sawa.

"Keep away from food" ni weka mbali na chakula. Penye unga, dawa isikae. "Keep in original container", hapa maana ni kuacha: iache katika chupa ile ile uliyonunulia. Wako wanaomimina dawa katika chupa ya soda ili wagawane na jirani. Lebo inabaki huku, sumu inakwenda kule, na mtoto mwenye kiu anachojua ni soda. Hili tunaliogopa kuliko yote.

Mfuko wa mbolea una "Keep dry". Hawakwambii uianike juani, wanasema isilowe. Ipange juu ya mbao, si sakafuni.

Na ukikuta "Keep out" peke yake, tuseme kwenye ua wa transfoma ya umeme, hapo hakuna habari ya kuweka kitu. Unaambiwa wewe: usiingie.