Kabla Fundi Hajashuka Shimoni, Sheria Inasemaje?

Kisa ni kile kile, mtaa tu ndio hubadilika. Choo kimeziba, au tangi la chini ya ardhi lataka kusafishwa. Fundi wa mabomba anaitwa, anakuja na kijana wake. Mfuniko unafunguliwa, kijana anashuka. Dakika mbili, kimya. Fundi anaita, hajibiwi, naye anashuka. Jirani anasikia mayowe, anashuka wa tatu. Kesho yake mtaa mzima uko makaburini.

Twasema ni kudra, na kudra haipingwi. Lakini sababu ya vifo hivi yajulikana, na kinga yake imo sheriani.

Ndani ya shimo la choo, uchafu unaooza hutoa gesi. Mojawapo hunuka kama yai viza. Ubaya wake ni kwamba ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo imemzidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kule fundi anakoinama. Tangi la maji safi nalo si salama. Kutu ya vyuma hula oksijeni, na rangi ya kuzuia maji kuvuja hutoa mvuke wa sumu. Na anayeshusha kisimani mashini ya petroli ya kuvutia maji ameshusha moshi unaoua bila harufu.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe ya kudumu au ya muda. Haikusema viwandani pekee. Kijana akishuka shimoni kwa ujira, pale pamekuwa mahali pa kazi. Sheria yataka mtu asiingie kwenye tangi au shimo lenye shaka ya gesi ila awe na kifaa cha kupumulia, amefungwa mkanda wenye kamba, na juu yuko mtu wa kumwangalia mwenye uwezo wa kumvuta.

Wanaosimamia haya ni wakaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Leba. Mkaguzi akifika kwa kontrakta huangalia mambo ya kawaida: je, mahali pa kazi pamesajiliwa? Ukaguzi wa usalama wa kila miezi 12 umefanywa? Vifaa vya kujikinga vipo, au vimeandikwa tu karatasini? Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama iko wapi? Akiona kasoro, hutoa ilani ya kurekebisha. Akiona hatari ya karibu, ana uwezo wa kusimamisha kazi papo hapo.

Mtu akifa kazini, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa eneo ndani ya saa 24, kisha apeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Wengi huzika na kunyamaza. Kunyamaza huko huwaumiza wajane na mayatima, kwani sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007, yamlazimu mwajiri awe na bima, na familia hudai fidia kupitia idara hiyo hiyo. Ajali isiyoripotiwa huwa ngumu kudaiwa.

Tatizo ni kwamba mkaguzi hawezi kufika kila ua wa Kisauni, Likoni au Malindi. Kwa hivyo mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenye nyumba. Kabla mfuniko haujafunguliwa, uliza: gesi itapimwa na nini? Kamba iko wapi? Nani atabaki juu? Fundi asipokuwa na jibu, ita gari la kunyonya uchafu, kazi ifanywe kutoka juu. Ni ghali, lakini sanda ni ghali zaidi.

Nawe kijana kibarua, una haki ya kusema "hapa si salama". Sheria yamkataza mwajiri kukufukuza kwa kulalamikia usalama wako.

La mwisho, na ndilo zito: ukimwona mwenzio ameanguka shimoni, usimfuate. Pigia kelele watu, ita zima moto, mvute kwa kamba kama amefungwa. Ndiyo maana kamba hufungwa kabla ya kushuka.