Anachuchumaa au anachuchumia?

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kama pacha: kuchuchumaa na kuchuchumia. Anayechuchumaa hushuka hadi makalio yakaribie visigino; anayechuchumia husimama kwa ncha za vidole ili afikie kilicho juu ya kabati. Ndiyo maana viatu virefu vya kina dada tunaviita vya mchuchumio. Sasa ingia jimu yoyote jioni, umtazame mgeni wa wiki ya kwanza akipiga skwoti. Anaanza kwa kuchuchumaa, anaishia kuchuchumia: visigino vimeachana na sakafu, kifua kimelala, na chuma mabegani kinamvuta kama kinachotaka kumlaza kifudifudi.

Atakemewa anyooshe mgongo. Mara nyingi mgongo hauna hatia. Tatizo liko chini kabisa, kwenye kifundo cha mguu kisichokunjika vya kutosha.

Anayechuchumaa ana sharti moja asiloweza kulikwepa: uzito wake lazima ubaki juu ya nyayo, la sivyo anaanguka. Makalio yakirudi nyuma, lazima kitu kiende mbele kuyasawazisha. Kitu hicho ni goti, na goti haliendi mbele mpaka muundi uiname juu ya kifundo. Kifundo kikigoma, mwili hutafuta njia za panya. Kisigino kinainuka, au kifua kinalala mbele, au unyayo unabonyea upande wa ndani na magoti yanakaribiana. Wenye mapaja marefu wana taabu zaidi, maana makalio yao hurudi nyuma mno hata kabla hawajafika chini.

Hapo ndipo amri maarufu ya “goti lisipite vidole” inapoharibu mambo. Mwaka 2003 Andrew Fry na wenzake, watafiti wa Marekani, waliwachuchumaza wanaume saba wakiwa na vyuma mabegani, mara bila kizuizi, mara magoti yakizuiwa na ubao yasivuke vidole. Kwa ubao, nguvu ya kupinda kwenye goti ilipungua kwa karibu asilimia 22. Kwenye nyonga ilipanda zaidi ya mara kumi. Mzigo ulihama tu, na wanaume hao waliinama mbele zaidi.

Kifundo hupimwa nyumbani bila gharama. Vua viatu, elekeza mguu ukutani, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Sukuma goti liguse ukuta bila kuinua kisigino. Likishindwa, sogea karibu mpaka liguse, kisha pima umbali kwa rula. Wataalamu wengi wa fiziotherapia huhesabu chini ya sentimita 10 kuwa kifundo kigumu, ingawa mimi nadhani tofauti kati ya kulia na kushoto inasema mengi zaidi. Mguu wangu wa kulia ulifika 9. Wa kushoto, ulioteguka nikicheza mpira kidato cha pili na kuishia kukandwa kwa maji ya moto tu, ulikwama kwenye 5.

Angalia pia unakwama wapi. Ukihisi mvuto nyuma, kwenye kigimbi, ni misuli, na misuli hufundishika. Ukihisi kubanwa mbele ya kifundo, huenda ni kiungo chenyewe. Usikilazimishe, kamwone mtaalamu.

Kigimbi kina misuli miwili mikuu inayoungana kwenye kano ya Akile, juu ya kisigino. Mmoja unaanzia juu ya goti, mwingine, soleasi, chini yake. Wengi hujinyoosha kwa kuegemea ukuta mguu wa nyuma ukiwa umenyooka, jambo linalovuta ule wa juu. Lakini kuchuchumaa ni kazi ya goti lililokunjwa, na hapo soleasi ndiyo inayoshika breki. Kwa hiyo egemea ukuta vilevile, kisha kunja goti la nyuma, kisigino kisibanduke. Sekunde 30, mara tatu, kila mguu, kila siku. Siku nyingine simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, ushushe kisigino polepole chini ya ukingo. Ni kazi ya wiki kadhaa, si ya siku mbili.

Wakati unasubiri, usione haya kuweka kibao cha sentimita mbili chini ya visigino. Hata viatu vya wanyanyua vyuma vya Olimpiki vina kisigino kigumu kilichoinuliwa, kwa sababu hiyohiyo. Tanua miguu kidogo, vidole vielekee nje. Weka chuma kando, ukumbatie dumu la lita 5 kifuani: uzito ulio mbele huyaruhusu makalio yarudi nyuma bila kifua kuanguka.

Kwa nini vifundo vyetu vigumu? Kuteguka kwa zamani ni sababu moja, viatu virefu vya kila siku ni nyingine. Lakini pia tumeacha kuchuchumaa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waliochunguzwa na David Raichlen na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, lakini sehemu ya mapumziko hayo wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikifanya kazi zaidi kuliko kwenye kiti. Watafiti hawakupima vifundo vyao. Hata hivyo, sisi tumebadilisha hata choo, na mtoto aliyekuwa akichuchumaa kutwa akichezea mchanga leo ana kiti darasani, kiti ofisini na kiti kwenye daladala, akikipata.

Baada ya wiki nane nilirudi ukutani na rula. Mguu wa kulia, sentimita 10. Wa kushoto, 7, na kibao bado kiko chini ya kisigino.