Kikapu cha Wachina na Kikapu Chetu

Wachina huuita mpira wa kikapu lanqiu. Ukilichambua neno hilo utapata lan, yaani kikapu, na qiu, yaani mpira. Sisi nasi, bila kushauriana nao, tulifanya vivyo hivyo: tulichukua mpira na kikapu, tukaviunganisha kwa sarufi yetu, tukapata jina ambalo hata ajuza asiyewahi kukanyaga uwanja wowote hulielewa mara alisikiapo. Wajapani hawakujisumbua, walilimeza jina la Kiingereza zima zima, wakalivisha irabu za kwao. Mwanaisimu huyaona haya akafurahi. Lakini furaha yangu haidumu, maana Wachina walipokwisha kuutafsiri mchezo waliendelea wakaujengea nyumba, ilhali sisi tulikomea kwenye jina.

Nimekuwa nikiifuatilia ligi yao ya kulipwa ya wanaume kwa miaka kadhaa, na wenzangu idarani hunicheka. Huuliza, mtu wa fonolojia ana haja gani na Guangdong au Shanghai? Haja ninayo. Ligi hiyo ilianza mwaka 1995, nayo haikuzaliwa na matajiri, bali na timu za majimbo na za jeshi zilizokuwapo tangu zamani. Iliyotamba mwanzoni ilikuwa Bayi, timu ya jeshi. Jina hilo maana yake ni nane na moja, yaani tarehe mosi ya mwezi wa nane, siku ambayo jeshi lao huadhimisha kuasisiwa kwake. Bayi ilitwaa ubingwa wa misimu sita ya kwanza mfululizo. Mwaka 2002 ndipo Shanghai ilipoiangusha, ikiongozwa na Yao Ming, kijana wa mita 2.29, ambaye mwaka huohuo aliteuliwa wa kwanza kabisa kuingia ligi kuu ya Marekani.

Msomaji atauliza, je, haya yanatuhusu nini hapa Nairobi? Yanatuhusu sana. Hebu ziangalie timu ambazo zimeubeba mchezo huu nchini mwetu: Ulinzi ya jeshi, KPA ya bandari ya Mombasa, timu za mabenki, timu za vyuo vikuu. Huo ndio mfumo ambao Wachina walikuwa nao kabla ya 1995. Mchezaji wetu aghalabu ni askari, karani au mwanafunzi kwanza, kisha ndiye mchezaji. Mwajiri akiamka siku moja akaona michezo ni gharama isiyo na faida, timu hufa, na kijana hubaki na jezi.

Mfumo huo una uchungu wake hata kwao. Wang Zhizhi, mwanajeshi wa Bayi, alikuwa Mchina wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani, mwaka 2001. Mwaka uliofuata alikataa kurudi nyumbani alipoitwa na timu ya taifa, akafukuzwa, na hakurejea hadi 2006, alipoomba radhi hadharani. Bayi yenyewe ilishikilia kuchezesha Wachina watupu wakati timu nyingine zikileta wageni, ikadhoofika mwaka hadi mwaka, na mwaka 2020 ikajiondoa kabisa katika ligi. Bingwa mara nane, leo hayupo. Hizo timu nyingine nazo hazikufungua milango kiholela. Kila timu iliwekewa kikomo cha wageni, na hata muda wao wa kucheza ukapimwa, ili kijana wa nyumbani asisinzie benchini.

Miongoni mwa wageni hao, anayenivutia zaidi ni Stephon Marbury, Mmarekani aliyekwenda huko mwaka 2010 baada ya nyota yake kufifia kwao. Aliipatia Beijing ubingwa mwaka 2012, 2014 na 2015, akasimamishiwa sanamu. Mashabiki walimpachika jina la utani kwa Kichina: kamisaa, yule afisa wa siasa awafundishaye askari itikadi. Jina la utani halitolewi na chama cha michezo wala na wenye matangazo ya biashara. Hutolewa na umma unaouzungumza mchezo kwa lugha yake kila siku, sokoni, garini, mezani.

Hapa ndipo ninapoingia mimi na fonolojia yangu. Ukienda ukumbi wa uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya ligi, mwendo wa dakika chache kwa matatu kutoka katikati ya jiji, utamsikia mtangazaji wa ukumbini akisema Kiingereza. Mashabiki jukwaani husema Kiswahili na Sheng. Kila upande una mechi yake. Kandanda haikulelewa hivyo. Kandanda ilipata watangazaji wa redio kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambao waliwafanya watu wasiokuwa na tiketi, wala runinga, wauone mpira kwa masikio. Mpira wa kikapu haukupata Mbotela wake. Ulibaki mchezo wa shule za bweni na vyuo, na lugha yake ikabaki ya humo.

Rafiki yangu mmoja, mchumi, huniambia kwamba shida si maneno, shida ni fedha. Nami humjibu kwamba fedha za matangazo ya biashara hufuata masikio, na masikio ya Nairobi, kuanzia River Road hadi Kangemi na Kawangware, yanasikiliza redio za Kiswahili na za lugha za kienyeji. Wachina walizitangaza mechi zao kwa Kichina katika runinga ya taifa, nao wauzaji wa viatu wakafuata. Sidai kwamba lugha pekee ingetujengea ligi ya kulipwa. Nadai kwamba bila lugha hakuna mfadhili atakayeona umati wa kumuuzia bidhaa zake.

Vipawa tunavyo, hilo halina ubishi. Kasarani, ambao Wachina walitusaidia kuujenga kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ulishuhudia Kenya ikimaliza ya nne katika ubingwa wa Afrika mwaka 1993, mbele ya watu wake. Baada ya hapo tulikaa miaka 28 nje ya mashindano hayo! Tulirejea mwaka 2021, chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia, baada ya Tylor Ongwae kuizamisha Angola jijini Yaoundé kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, 74 kwa 73. Kisha Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, msimu wa 2025. Jirani zetu wa Tanzania nao walimtoa Hasheem Thabeet, aliyeteuliwa wa pili Marekani mwaka 2009 na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Anayetaka mshahara wa kikapu bado hulazimika kupanda ndege.

Yao Ming mwenyewe alikuja kwetu Agosti 2012, akafika Ol Pejeta na Samburu. Hakuja kudunda mpira. Alikuja kwa ajili ya ndovu na vifaru, ili awaeleze watu wa kwao, kwa lugha yao, pembe hutoka wapi. Mwisho wa 2017 China ilipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu nchini mwake. Sitasema ni yeye aliyeileta marufuku hiyo, ila mchezaji mwenye sauti ya namna hiyo ni zao la ligi iliyomlea akiwa kwao.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza barani Afrika, ambapo vijana wetu hujifunza Kichina kwa bidii ya kusifika. Naliomba shirikisho na vituo vya redio jambo dogo: mechi moja kila wikendi itangazwe kwa Kiswahili, na ukumbini pia. Msamiati si kisingizio. Kudunda tunako, mtupo huru tunao, robo, mlinzi na kikapu cha pointi tatu tunavyo. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu mchezaji anayeruka na kuutia mpira kikapuni kwa mikono miwili tumwite amefanya nini. Mmoja akasema amepachika, mwingine amechomeka. Msichana wa kutoka Kawangware akasema hapo ametia ndani, na darasa zima likapiga kelele. Nimeyaandika yote matatu, na mtangazaji anayeyataka ajue ofisi yangu iko wazi.