Baridi, Hewa Ipandayo na Mpaka: Urushaji wa Glaida Ndogo Gisenyi

Miongoni mwa warushaji wa glaida ndogo, yaani ndege za mfano zisizo na injini, imeenea dhana kwamba siku ya baridi haina hewa ya kukipandisha chombo. Dhana hiyo haina msingi wa kifizikia. Hewa haipandi kwa kuwa ni moto, bali kwa kuwa ina joto zaidi kuliko ile inayoizunguka. Hewa isiyojaa mvuke hupoa kwa takriban nyuzijoto 10 kila inapopaa mita 1,000, na huendelea kupaa maadamu hewa jirani ni baridi kuliko yenyewe. Kizuizi halisi ni hewa baridi iliyotuama mabondeni usiku. Jua likishaivunja, mikondo huweza kuwa na nguvu hata kama mrushaji bado amevaa sweta.

Gisenyi, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, una utata wake. Mchana ziwa huwa baridi kuliko nchi kavu, na upepo wake huidhoofisha mikondo ya ufukweni. Mrushaji hana budi kuitafuta bara, juu ya mashamba yaliyolimwa na mabati, au pale mwewe wanapozunguka bila kupiga mbawa. Usiku hali hugeuka: maji huwa na joto kuliko nchi kavu, na hewa hupanda ziwani, ambako hakuna mwenye busara angependa kukifuata chombo chake.

Zaidi ya hayo, kwenye mwinuko huo msongamano wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 ukilinganishwa na usawa wa bahari. Glaida hulazimika kwenda kasi zaidi, na duara lake, kwa mlalo uleule wa mbawa, hupanuka kwa takriban asilimia 15.

Hapa ndipo suala la sera linapoingia. Chombo kinachozunguka ndani ya mkondo husogea pamoja na upepo. Upepo wa mita 3 kwa sekunde hukipeleka mita 900 kwa dakika tano. Gisenyi imepakana na Goma, mji wa nchi nyingine wenye uwanja wake wa ndege. Kibali kinachotaja mahali pa kurushia pekee, bila kuzingatia mwelekeo na kasi ya upepo wa saa ile, hakidhibiti mahali chombo kitakapokuwa dakika kumi baadaye.