Kovu la Mkungu

Mvua ya masika ndiyo iliyoniingiza dukani kwa kinyozi yule. Nilikuwa nikipita Mkunazini, mjini Zanzibar, Alhamisi moja baada ya Laasiri, sina haja ya kunyolewa wala miadi na mtu, mara ikanyesha kwa kishindo hata mifereji ya mapaa ikashindwa kuyachukua maji, nami nikajisitiri katika chumba kidogo ambacho nimekipita kwa miaka mingi pasi na kukijua: kiti kimoja cha chuma, kioo kilichoanza kuliwa na kutu pembezoni, benchi la wanaongoja zamu, na kijana wa miaka 25 aliyefungwa shuka nyeupe shingoni, akiyatazama magoti yake badala ya kujitazama kiooni. Kinyozi, ambaye ameishika kazi hii kwa miaka 31, alitia wembe mpya katika mpini, akamwinamia, akamwuliza swali ambalo halijanitoka moyoni tangu siku ile.

"Tukate palepale, au tufuate?"

"Palepale, Ami," akajibu kijana, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na benchi.

Maana ya maneno hayo nilielezwa baadaye. Kijana ambaye nywele zake za mbele zimeanza kurudi nyuma ana njia mbili kila akaapo kitini. Ama kinyozi aufuate mpaka mpya, akate pale zilipoishia nywele zenyewe. Ama auchore mstari pale ulipokuwa zamani, kisha aijaze ngozi iliyobaki tupu kwa piko. Kijana yule amechagua njia ya pili kwa muda wa mwaka na nusu. Niliitazama kazi yenyewe toka mwanzo hata mwisho: unga mweusi ukakorogwa kwa maji katika kifuniko cha chupa, mafuta yakapakwa pembeni mwa paji la uso ili weusi usivuke mpaka, na mswaki wa zamani uliopunguzwa meno ukapita juu ya panja zote mbili taratibu mno, kama mtu atiaye wanja jicho la mtoto aliyelala. Ikangojwa dakika kumi, ikafutwa kwa kitambaa kibichi, na pale palipokuwa na upara mdogo pakawa na kivuli kilichonyooka. Baada ya juma moja kivuli kile hupauka, na kijana hurudi.

Lakini si piko iliyoniteka. Juu ya panja ya kushoto ya kijana pana kovu jembamba, refu kama punje ya mchele, lililopauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka. Alilipata akiwa na umri wa miaka minane, alipoanguka kutoka juu ya mkungu uliokuwa nyuma ya chuo alikosomea Kurani, na kinyozi analikumbuka vyema, kwa kuwa ndiye aliyeitwa kuzinyoa nywele za mahali pale ili jeraha lipate kusafishwa. Kwa hiyo alijua hasa lilipo: ndani ya nywele, wanda mmoja kutoka ukingoni, mahali pasipojulikana na mtu ila yeye na mama wa mtoto. Miaka ikapita, mtoto akawa kijana, akabadili mitindo kama wafanyavyo hirimu zake wote, na kila mara jino la kitana lilipopita pale kinyozi alilihisi kovu kwa ncha ya vidole vyake kama mtu ahisivyo fundo katika uzi. Kijana alipotimiza miaka 19 kovu lilikuwa limefika ukingoni kabisa, nusu ndani na nusu nje. Leo limesimama peke yake juu ya ngozi tupu, nusu wanda mbele ya unywele wa kwanza.

Nilimwomba kinyozi anionyeshe, naye, baada ya kumtaka kijana idhini na kuipata, aliweka jino la mwisho la kitana juu ya kovu, akakilaza kidole chake cha mwisho kando yake, akasogea ili nipate kuona. Sijapata kuona kipimo cha haki kama kile. Kioo humdanganya mwenye kukitazama kila siku, kwa sababu mabadiliko ya siku moja hayaonekani. Picha nayo hutegemea taa na pembe iliyopigiwa. Ama kovu halina hila. "Kovu halitembei," alisema kinyozi. "Kinachotembea ni nywele. Alipokuwa na miaka 19 sikumwambia neno, kwa maana ule wanda mmoja wa kwanza aghalabu ni utu uzima tu. Mwanamume akishabaleghe mpaka wake hupanda kidogo, na wengi huishia hapo mpaka wanazikwa. Hii nusu ya pili ndiyo iliyonitia shaka."

Kijana anataka kwenda Istanbul kupandikizwa nywele. Ameweka akiba ya shilingi milioni sita, naye ana simu iliyojaa picha za wanaume waliokwenda na kurudi, kabla na baada, na harusi yake imewekwa Mfungo Sita, yaani miezi mitano tangu siku ile ya mvua. Hakuja dukani kutaka ruhusa. Ila kinyozi huyu ndiye mtu wa pekee aliyemwonyesha kichwa chake bila kofia na bila piko, na nasaha yake aliiona ni ya lazima.

Habari ya upara wa kiume haihitaji maelezo marefu. Homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, itokanayo na testosteroni ya mwili wenyewe, huzisinyaza polepole zile nywele za mbele na za utosini ambazo kwa urithi haziwezi kuistahimili, hata zikawa laini kama za mtoto mchanga, kisha zikatoweka. Mwaka 1951 mtaalamu wa Kimarekani James Hamilton alizipanga hatua za upara, na mwaka 1975 daktari O'Tar Norwood akazirekebisha zikawa saba, nazo ndizo wanazozitaja matabibu hata leo. Nywele za kisogo na za pembeni, hata hivyo, huistahimili homoni hiyo, na Norman Orentreich wa New York alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1959 kwamba unywele wa kisogo ukihamishiwa mbele huendelea kuishi kwa tabia ya kule ulikotoka. Juu ya jambo hilo moja ndipo biashara yote ya upandikizaji ilipojengwa.

Kinyozi hakusoma maandishi hayo, wala hakuhitaji. "Mwanangu," alimwambia kijana, "hao hawakupi nywele mpya, wanazihamisha zako. Kisogo ndicho akiba yako, na kila utakachokitoa huko hakioti tena. Basi kwanza tuitazame akiba." Akakiinamisha kichwa cha kijana mbele, akapitisha vidole vyake kisogoni kutoka sikio mpaka sikio, pole pole, akitafuta vile vipele vigumu vinavyowaota wanaume wengi wa kwetu kwa kunyolewa karibu mno na ngozi, ambavyo vikiachwa huwa makovu mazito yasiyotoa nywele tena. Hakuviona. Kisha akarudi kwenye kovu la mkungu, akalisugua kwa kidole gumba, na hapo nikafahamu kwamba kovu lile lina ushahidi wa pili, ulio kinyume cha ule wa kwanza. Ngozi za baadhi yetu zina tabia ya kuvimba palipojeruhiwa, kovu likawa kubwa kuliko jeraha lililolizaa, na mwenye ngozi ya namna hiyo akichomwa mamia ya vitundu kisogoni huenda akajitafutia msiba. Kovu la kijana lilikuwa bapa, jembamba, limetulia kwa miaka 17. Akamfunua na bega, akaitazama alama ya chanjo aliyochanjwa utotoni: nayo bapa. "Ngozi yako haina ugomvi," alisema, "ingawa daktari ndiye wa kulithibitisha hilo, si mimi."

Kwa hiyo kovu lile lile lililomwambia kijana kwamba nywele zinakimbia ndilo lililomwambia kwamba mwili wake huenda ukaukubali mkasi. Nilimwona akiinua uso kwa mara ya kwanza.

Yapo na mengine ambayo yafaa kijana wa Kiafrika ayajue kabla ya kukata tikiti. Nywele zetu za kipilipili hazijikunji juu ya ngozi tu, bali hata chini yake: mzizi wenyewe umepinda kama mundu, na kile chombo kidogo cha duara cha kung'olea nywele kisogoni, ambacho upana wake haufiki hata milimita moja au huipita kidogo tu, kikiongozwa na mkono uliozoea nywele za singa huukata mzizi katikati, na unywele uliokatwa hivyo hupotea huko na huku. Kwa upande wa pili, kunjo hilo hilo ni neema, maana unywele mmoja wa kipilipili huifunika ngozi kuliko unywele mmoja ulionyooka. Swali la kumwuliza tabibu, basi, ni amewahudumia watu wangapi wenye nywele kama zetu, na kama yu tayari kuwaonyesha visogo vyao, si mapaji yao pekee.

Kinyozi alimtajia wateja wake wawili. Wa kwanza alikwenda akiwa na miaka 41, upara wake ukiwa umekwisha kusimama kwa muda mrefu, akarudi na mstari wa mbele uliopanda kidogo kama umfaavyo mtu wa makamo, naye ameridhika hata leo. Wa pili alikwenda akiwa na miaka 23, akataka mstari wa chini, ulionyooka, kama wa mvulana, akapewa alichokitaka. Kwa miaka mitatu alikuwa mtu mwenye furaha. Nywele alizopandikizwa hazikunyonyoka, kama alivyoahidiwa. Zilizonyonyoka ni zile zilizokuwa nyuma ya hizo, zake mwenyewe, ambazo hakuna aliyeziahidi chochote, na sasa ana ukanda wa nywele mbele, kisha uwanja mtupu, kisha utosi, na akiba ya kisogoni haitoshi kuujaza uwanja ule. Huja kila Jumatatu kunyolewa kichwa kizima kwa wembe, na wembe ukishapita, kisogo chake huonyesha nukta nyeupe nyingi, ndogo ndogo. "Huniomba nisikiguse kisogo kwa maji ya moto," alisema kinyozi, "si kwamba kinamwuma. Sijui kwa nini. Nami sijamwuliza."

Ndiyo sababu matabibu wengi waangalifu hawapendi kumpandikiza kijana aliye chini ya miaka 25 au anayeupita umri huo kidogo, wakitaka kwanza kujua upara unaelekea wapi na kwa kasi gani. Humpa dawa za kuzuia: minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu, na ambayo ukiacha kuipaka faida yake hupotea, au finasteridi ya kumeza, inayoipunguza homoni yenyewe, ingawa wachache waitumiao hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo bwana harusi ana haki ya kuambiwa wazi kabla hajaipokea.

Kisha kinyozi akahesabu miezi kwa vidole. Nywele zilizopandikizwa huanguka takriban zote katika majuma ya kwanza. Huanza kuota upya mwezi wa tatu au wa nne. Sura yake kamili haionekani mpaka mwaka utimie. "Mfungo Sita utakuwa na nywele nusu, mwanangu. Na siku ile ya harusi utavaa joho na kilemba. Nani atakayekiona kichwa chako?"

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema neno ambalo hapana mtu benchini aliyelijibu: "Kilemba ni cha siku moja, Ami."

Mvua ilipotulia na kijana kuondoka, piko yake ikingali mbichi, nilimwuliza kinyozi jambo lililokuwa likinikera. Yeye amzuiaye kijana asifanye haraka ndiye ampakaye weusi kila Alhamisi; mchumba, jamaa na hirimu zake wameuona mstari ule kwa mwaka na nusu, nao ndio anaojibidiisha sasa kuununua kwa milioni sita. Je, si mkono huu uliomfundisha kuona haya? Kinyozi alikipangusa kiti, mikono yote miwili ya kiti, mbele na nyuma, mahali palipokwisha kuwa safi. "Nikikataa mimi, atampaka wa duka la pili," alisema. Akakaa kimya tena. "Lakini umeuliza haki. Hata mimi sijamwona bila piko tangu mwaka juzi, ila hizo dakika chache kabla sijampaka."

Nilirudi Alhamisi iliyofuata, makusudi. Kijana alikuwa kitini. Weusi wa juma lililopita ulikuwa umepauka, na kovu lilionekana waziwazi. Kinyozi akatia wembe mpini, akauliza swali lake kwa sauti ile ile, na jibu likachelewa hata mtu mmoja benchini akainua macho kutoka kwenye gazeti.

"Fuata."

Wembe ukapanda, ukazunguka panja ya kulia, ukazunguka ya kushoto, ukapita nusu wanda juu ya kovu bila kuligusa. Kinyozi akaweka jino la kitana mahali pake, akaichukua simu ya kijana, akapiga picha mbili, moja kila upande. "Mwezi ujao siku kama hii," alisema, "na mwezi wa pili, mpaka sita. Kisha zichukue umpelekee daktari wa ngozi, wa hapa au wa huko." Kijana hakusema ndiyo wala la. Alilipa, naye akarudishiwa fedha ya piko. Akaitwaa kofia yake msumarini, akaivaa, akaishusha mpaka ikagusa nyusi, na kovu likapotea chini yake. Nje kulikuwa na jua kali. Akatoka.