Umefika miaka 45 na unataka kurudi kwenye mazoezi ya nguvu? Usianze pale ulipoishia

Ulipokuwa kijana ulinyanyua vyuma au ulicheza mpira bila kuchoka. Kisha zikaja kazi, ndoa na watoto, mazoezi yakakatika. Sasa ngazi za ghorofa ya pili zinakutoa jasho, na unataka kuanza tena.

Una kila sababu ya kuanza. Kuanzia miaka 30 hivi, misuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Misuli hiyo ndiyo inayokuinua kitini, inayokusaidia usianguke na inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye damu.

Tatizo ni kwamba wengi hurudi na uzito wa zamani. Misuli iliyowahi kuzoezwa hurejea haraka, lakini kano zinazoiunganisha na mifupa huimarika polepole zaidi. Ndiyo maana unapoanza kujihisi una nguvu, bega au goti huuma, na mazoezi yanaachwa tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki. Chagua siku zako, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, na uanze nyumbani:

• Kaa kwenye kiti imara na uinuke bila kujishika.

• Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, jisogeze mbele kisha jisukume nyuma.

• Inama kidogo, mgongo ukiwa umenyooka, na uvute chupa ya maji ya lita moja na nusu hadi ubavuni. Badili mkono.

Fanya kila zoezi mara 8 hadi 12, pumzika, kisha rudia. Acha ukiwa bado unaweza kuongeza mara mbili au tatu. Mara 12 zikiwa rahisi kwa wiki mbili mfululizo, ongeza uzito kidogo. Toa pumzi unaponyanyua, kwani kuibana hupandisha presha ghafla.

Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, muone daktari kwanza. Anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari, hivyo awe na kitu cha sukari karibu.

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kiungo kikivimba, acha mara moja na uwahi hospitali.

Mtoto akiugua ukakosa wiki nzima, usijaribu kufidia kwa kufanya mara mbili. Subiri Jumanne yako, punguza kidogo, endelea. Anayefanya kidogo kila wiki kwa mwaka mzima humzidi aliyejitesa mwezi mmoja akaacha.